Stroberi Kwenye Mvuke wa Pasi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tisa leo. Nimehesabu mara mbili. Mimba mbili zilizotangulia hazikuvuka ya kumi. Anayejua ni mume wangu tu.

Nimeamka natapika. Mafuta ya kupikia, natapika. Sabuni ya kufulia, natapika — dobi gani huyo anayetapishwa na sabuni! Shoga yangu wa kaunta kasema labda nimekula kitu kibaya. Nikaitikia.

Kitu pekee kinachonituliza tumbo ni vepu, ile sigara ya umeme. Ladha ya stroberi na barafu. Nasimama kwenye pasi kubwa, nakanyaga pedali, mvuke unapanda, na mimi napuliza wangu humo humo. Hakuna anayejua. Mara ngapi leo? Sijui. Sigara nilikuwa najua: nne kwa siku, ya tano inanikwaruza koo naitupa. Hii haikwaruzi. Inateleza tu. Ndiyo balaa lake.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu karudi kutoka karakana, nguo zimejaa vitobo vya cheche. Akavuta pumzi mlangoni, akasema tangu nishike mimba chumba kinanukia vizuri. Nikamwambia ni losheni. Akaninusa shingo, akacheka, eti mtoto atazaliwa mtamu.

Anaamini niliacha kuvuta baada ya ile mimba ya pili. Sigara niliacha kweli. Fundi simu wa jirani na kazini ndiye aliyeniuzia vepu, akisema inasaidia watu kuacha. Simsingizii, sigara sijagusa tena. Ila sigara nilikuwa naiacha mfukoni hadi mapumziko. Hii nalala nayo chini ya mto.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimesoma maandishi madogo kwenye kiboksi. Mwaka mzima sikuyasoma. Nikotini, asilimia tano. Nikaenda kwa fundi simu, nikamuuliza kama ipo isiyo na ladha. Ipo, nguvu ile ile, ila kasema wateja hawaitaki, wakinunua mara moja hawarudi.

Nikaichukua. Nikajaribu chooni asubuhi hiyo hiyo: chungu, inachoma. Mavuto mawili nikatema. Nikafurahi jamani! Kumbe naweza. Nikakaa mpaka saa nane mchana bila kitu. Kisha kiu ya nikotini ikaanza. Jasho. Nikasahau pasi juu ya kola ya shati la mteja, ikaungua rangi ya chai. Bosi akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Saa tisa nilikuwa dirishani kwa fundi simu. Hakuniuliza nataka nini. Akanyoosha mkono kwenye kiboksi cha pinki, cha stroberi.

Jumapili, 9 Machi
Nimejaribu kinyume chake. Stroberi ile ile, nikotini sifuri. Nilidhani nimeshinda. Ulimi ukafurahi — halafu kiu ikaamka yote, kali kuliko ya juzi. Harufu ilikuwa inaniita na hakuna kilichokuja. Nimevuta, nimevuta, mpaka kichwa kikaniuma.

Mume wangu kaacha soksi kwenye kiti, nikamfokea kama mtoto. Akaosha vyombo vyote, akapanga, akaniuliza kama nataka maji. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi asisikie. Kisha nikarudia ile yenye nguvu.

Jumanne, 11 Machi
Damu. Kidogo, lakini damu.
Sijamwambia mume wangu kuhusu vepu. Nimemwambia damu tu.
Nikaogopa, nikavuta. Nikaogopa kwa kuwa nimevuta, nikavuta tena. Mungu wangu, nifanye nini?

Alhamisi, 13 Machi
Naandika kwenye benchi la kliniki.

Mtoto yupo. Nimeusikia moyo wake, unakwenda mbio mbio. Mume wangu kanishika mkono mpaka vidole vimeuma. Daktari kasema damu imekoma, nipumzike, nirudi wiki ijayo.

Kabla ya hapo muuguzi, mama mtu mzima, alinijazia kadi. Akauliza maradhi, nikajibu. Pombe, nikasema hapana. Akauliza sigara. Mume wangu akanitangulia, kwa fahari kabisa: "Aliacha. Mwaka wa pili huu." Muuguzi akanitazama. Nikatazama sakafu. Akaandika.

Tulipotoka mume wangu kaenda dirisha la dawa kuchukua vidonge. Mimi nikaingia chooni. Choo cha kliniki! Mavuto matatu, moyo wa mwanangu bado uko masikioni. Natoka, nakutana na muuguzi koridoni. Kasimama. Kanusa.

Hakupaza sauti. "Mwanangu, ile ya matunda ni nikotini ile ile. Haipungui kwa kunukia."

Akaniambia kliniki ina mshauri wa watu wanaoacha, anaweza kunipeleka leo hii, ila kadi yangu inasema sivuti, na yeye hawezi kuibadilisha bila mimi kusema. Niingie peke yangu nikitaka, au na mume wangu. Kisha akarudi ndani, akaacha mlango wazi.

Nimefungua kadi. Havuti. Mwandiko mzuri kweli.

Mume wangu anakuja na bahasha ya vidonge, ananipungia. Ameshafika kwenye ngazi. Mlango bado uko wazi, namwona muuguzi anapanga makaratasi, hatazami huku. Vepu iko kwenye sidiria, bado ina joto. Nimesimama. Naandika nimesimama, sijui kama nitamwambia.