Chumvi ya Ngozi

Bariadi, Alhamisi. Jua kali, vumbi, wingu hakuna. Sijala tangu asubuhi.

Wiki mbili zilizopita niliandika gazetini habari za kiwanda cha ngozi hapa mjini, kile kilichouzwa na serikali. Mwenye mali mpya ameleta mashine ya kuchuja kwa utando. Maji machafu yaliyooshea ngozi yanasukumwa kwa nguvu. Maji yanapita, chumvi inabaki. Inaanikwa juani, kisha inatumika tena kuhifadhi ngozi. Niliiita chumvi safi. Ilikuwa nyeupe kweli.

Fundi aliniambia ni ya ngozi tu, bado ina mabaki ya dawa ya kunyonyoa manyoya. Niliandika hivyo, mwishoni kabisa. Nafasi haikutosha, sentensi hiyo ikakatwa.

Niliikata mwenyewe.

Masanja, mkulima wa Nkoma, alisomewa gazeti kwenye foleni ya mizani ya pamba. Huku mfugaji akisikia chumvi anawaza ng'ombe. Wakati wa kurudi akapitisha mkokoteni kiwandani, mlinzi akampa gunia la chumvi hiyo.

Leo asubuhi nilifika kwake. Maksai wawili wamekufa. Wawili wamelala chini, hawataki hata maji. Hao wanne ndio wanaomlimia.

"Mwangaluka, mwandishi," akanisalimu. "Umekuja kuiangalia chumvi yako?"

Nikafungua daftari, naye akaendelea.

"Nililamba mimi kwanza. Mke wangu akacheka, eti mzee umekuwa ndama. Mimi huyu hapa, mzima. Wao ndio hao."

Bwana mifugo alikuwa pale, amepiga magoti kwenye samadi. Nilimuuliza kama hao wawili watapona. Akaendelea kufunga mkoba wake.

Nilirudi kiwandani mchana. Mlinzi anasema wengine walichukua pia, wengi wao wafugaji wa upande huo wa Nkoma. Majina hayajui. Alidhani anawasaidia.

Masahihisho nimeyatuma. Gazeti litafika huku baada ya siku tatu, na ng'ombe akishalamba hasubiri siku tatu.

Miaka yote nimewaambia vijana wa kazi hii: ukikosa nafasi, kata mwisho wa habari.

Kesho ni mnada Nkoma. Nitasimama kwenye lango la kuingizia ng'ombe tangu alfajiri, na kila atakayepita na fimbo nitamwambia kwa mdomo, kwa Kisukuma changu kibovu, ile sentensi moja.