Gambuti za Nashilu

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mvua. Zizini tope hadi magotini. Nimechukua gambuti za mjukuu wangu Nashilu nikakamue — yeye anabeba zege kwenye jengo la wageni, Karatu mjini. Akasema, Koko, fundi Moringe humrudisha nyumbani asiye na buti, zege linababua. Nikamwambia zege ni mchanga na maji, siyo simba. Vaa viatu vya tairi, shusha shuka, nani atakufunua? Akacheka. Akaenda.

Jumanne, 11 Machi
Jana jioni alirudi anachechemea. Miguu myeupe, imekunjamana, saruji kwenye vidole. Akataka maji mengi. Nikakataa — kwetu aliyeungua hamwagiwi maji, anapakwa samli. Nikapaka nene, nikafunga kitambaa. Fundi anasema maji, Koko. Nikamwambia samli ilizaliwa kabla ya saruji.
Hajalala.

Alhamisi, 13 Machi
Hospitali. Kitambaa kimetoka na ngozi. Muuguzi Cresensia akauliza nani kafungia saruji ndani kwa mafuta. Nikatazama ukuta. Akasema saruji mbichi haina haraka ya moto, inakula kimya kimya. Angeoshwa palepale, kwa maji yanayotiririka, leo angetembea. Mguu wa kulia kidonda kimezama. Huenda wakatoa ngozi pajani wabandike.
Mwenye jengo naye akaja. Akauliza, buti zilikuwa wapi? Mdomo wangu huu — nikasema Moringe hakumpa.
Nashilu alisikia. Akafumba macho.

Jumamosi, 15 Machi
Nashilu yuko nyumbani, Jumanne tunarudi kwa daktari. Nambeba mgongoni hadi chooni, mzito, na nitambeba.
Moringe kafukuzwa kazi.
Sikuingia darasani hata siku moja. Herufi hizi kanifundisha Nashilu, kwa kijiti, kwenye majivu. Naona haya kuzitumia.

Jumapili, 16 Machi
Moringe amekuja. Nilidhani kaja kunitukana, nikashukuru. Kumbe ameinamisha kichwa nimguse, salamu ya mtoto kwa bibi yake. Akasema, Mama, nisamehe, asubuhi ile ningemtazama miguu. Sikumgusa. Nikasema, ngoja chai.
Chai imechemka kitambo. Niko jikoni na kalamu, mtu mzima najificha nyuma ya moshi. Nashilu ananiita toka kitandani, taratibu, bila hasira:
Koko, mgeni hujampa salamu. Au nije mimi?