Kipofu Aliyeiruka Ndoo

Ngonga, Kyela,
16 Juni 2025.

Mpendwa dada Abigail,

Ugonile, dada? Habari za Mwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Na lile goti lako, limepona au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mpunga tumevuna, kokoa ziko uani zinakauka, na mama anakula vizuri. Ndaga fijo kwa dawa ulizomtumia.

Dada, nina habari! Unalikumbuka banda la video la mume wangu Ambilikile. Juzi juzi ameleta filamu ya wanamazingaombwe wawili wanaoshindana jukwaani, kila mmoja anaitafuta siri ya mwenzake. Anaitafsiri mwenyewe kwa lugha yetu kwenye kipaza sauti, basi Wazungu wote mle wanaamkiana "Ugonile". Lakini mwisho wake sasa! Watu walibaki midomo wazi, kisha wakadai ianzishwe upya. Mimi nimeirudia hata sijui mara ngapi, na kila nikirudia naona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo. Sikusimulii, nisije nikakuharibia.

Raha ikaingia shubiri. Wazee wa kanisa walisikia kwamba Ambilikile anafundisha watu uchawi. Wakataka banda lifungwe, ila kwanza wakamtuma mzee mwenzao akachunguze, naye ni baba mkwe wangu, Mzee Anyelwisye. Unamjua. Tangu mwanawe aache shamba, banda hilo huliita "lile shimo". Angesema ni uchawi, Ambilikile angebaki hana banda wala hana baba.

Alikuja Jumamosi mchana. Mila zetu unazijua, mke wa mwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, na yule ni mtu wa zamani. Nikachomoka kwa mlango wa nyuma, nikabana sikio kwenye mabati. Filamu ikaisha. Nikajua tumekwisha. Kisha nikamsikia akiagiza irudishwe mwanzo, na haikwenda mbali akasema, "Simamisha. Yule mpiga ngoma wao kipofu ameiruka ndoo. Kumbe anaona!"

Nilijiziba mdomo kwa kitenge nisicheke. Ndoo hiyo mimi nilichelewa sana kuiona!

Jana baada ya ibada wazee walikaa kikao. Ambilikile alisimama nyuma, jasho linamtoka. Baba yake akawaambia uchawi haumo, ni wepesi wa mikono ya wale na uvivu wa macho yetu. Wakamtaka aeleze inavyokwisha, akakataa katakata.

"Nikisema nitawaharibia," akasema. "Twendeni kwa mwanangu mkaone wenyewe."

Kwa mwanangu, dada! Ambilikile alilia mbele za watu, wala hakujificha. Nami nalia hapa ninapoandika.

Msalimie sana shemeji Humphrey, na Marystella na Erick. Mama anawabusu wote. Bwana awalinde mtokapo na muingiapo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Veronika