Maji ya Shimo la Saba

Mnarani, Kilifi

Mdogo wangu Kalondu,

Hamjambo huko Mutomo? Mvua imefika ama bado mwatazama mawingu? Mimi dada yako ni mzima, goti moja tu lasumbua, na lile jingine lamcheka mwenzake. Na lako sikio la kushoto je? Maana kwa sababu ya hilo sikio nimeachana na simu. Juzi nilikupigia, nikakwambia mwanao Mutua hana makosa, wewe ukanijibu ati mbuzi wameshauzwa. Nikasema hapana, hili laandikwa. Nimemwita jirani yangu Kadzo, fundi wa cherehani, mimi nasema yeye aandika. Kikamba hakijui, ndiyo maana yakujia kwa Kiswahili. Akusomee mke wa mchungaji. Asikusomee Mutua. Mutua ndiye mletaji, na Kadzo asema bahasha ataipiga uzi wa cherehani pande zote ili asichungulie.

Sasa sikiliza. Yule mtoto wa Nzilani wa lori alipita hapa, kaniletea maneno yako yote kama yalivyo. Kwamba mwanao kafukuzwa kazi kwa uvivu, kaacha bomba wazi akaharibu uwanja wa watu, kwamba umeaibika kanisani baada ya kumsifu mwaka mzima, na kwamba asikanyage boma lako. Kalondu, vuta kiti ukae. Yale maji nilimwaga mimi.

Nianze mwanzo, maana wewe uwanja wa gofu hujauona, na ukiuona utauliza hapa mtu alima nini. Hakilimwi kitu. Ni nyasi. Kilima kizima, toka barabarani mpaka uione bahari, nyasi tupu. Mna mashimo kumi na nane, kila moja na bendera yake, na watu wazima waja na fimbo kupiga kimpira wakitie shimoni. Pale kando ya shimo nyasi hukatwa fupi kama zulia la msikitini, wenyewe wapaita grini. Sisi kina mama tunapiga magoti hapo na visu vidogo kung'oa magugu, jani moja moja. Mimi kazi hii nimeifanya tangu mume wangu alipokufa, marehemu aliyenileta huku kukata mkonge. Na Mutua nilimtafutia kazi mimi, akapanda mwenyewe kwa jasho lake mpaka akawa msimamizi wa nyasi zote. Hilo ulimsifu kwa haki.

Basi yakaja mashindano makubwa. Wachezaji watoka kila mahali, hata ng'ambo. Na hapo ndipo mabishano yalipoanza. Kuna daktari mmoja mstaafu, mtu mnene, kila mpira wake waingia kwenye mitego ya mchanga iliyochimbwa makusudi. Yeye asema, "Uwanja huu mmeufanya adhabu! Mtu aja kucheza ama kutubu?" Na kuna mama wakili, mwembamba, mkali, amjibu, "Daktari, uwanja hauna neno. Neno liko mikononi mwako. Ukiwa rahisi, hao wageni watarudi kwao wakitucheka." Wabishana juu ya kichwa changu, mimi niko magotini, kana kwamba mimi ni jiwe. Upepo ni mwingi, la, upepo ndio utamu. Majani ya kando marefu mno, la, hayajafika hata kifundo. Wiki nzima, Kalondu, watu waliosoma, wabishania nyasi!

Meneja akawa upande wa wakili. Akatoa amri: grini zisinyweshewe tena mpaka mashindano yaishe. Zikauke, ziwe ngumu kama sakafu, mpira ukianguka usipate pa kushika. Mutua akafunga mabomba, ufunguo akautia mfukoni mwa koti lake.

Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya tatu nyasi ya shimo la saba, lile la juu kabisa lipigwalo na upepo, ikageuka rangi. Wewe waijua ile rangi. Si manjano, si kahawia. Ile rangi ya ule mwaka ng'ombe wa baba walilala wasiamke. Niliweka kiganja, chini ni moto. Na bomba liko hapo, hatua kumi, lina maji! Wakumbuka mpapai wa mama? Sisi wawili tukichimba mchanga wa mto nusu siku tupate kibuyu kimoja, na bado mama atutuma tuumwagie mpapai maji ya kuoshea vyombo. Mkono wangu ulifunzwa hapo. Jioni wenzangu wakiosha miguu, koti la Mutua limetundikwa kwenye banda la vifaa, nikatoa ufunguo. Ndoo nne. Kesho yake nne tena. Siku tatu.

Wakaja wapimaji. Wana kibati chembamba chenye mfereji, wakikiinamisha mpira uteremke, halafu wapima umekwenda umbali gani. Shimo la sita, mpira wakimbia kama umeona nyoka. La saba, wajikokota, wasimama. Na grini yenyewe yang'aa kijani, hata kipofu angejua.

Meneja akamwita Mutua mbele ya watu wote. "Nani kafungua maji?"

Mimi niko bondeni, shimo la nane, nasikia. Mutua akatazama ile njia ya matone toka bombani, na kando yake nyayo za mtu asiyevaa viatu, mguu mmoja waburuta. Nani mwingine aburuta mguu pale? Akanitazama. Akatikisa kichwa kidogo, hivi. Kisha akasema, "Ni mimi, bwana. Niliacha bomba wazi nikasahau."

Na mimi, Kalondu, mimi nisemaye mpaka kuku wachoka, nilinyamaza. Meneja akamfukuza kazi palepale; Mutua akavua ile kofia ya kazi, akashuka kilima akaenda zake. Hilo ndilo kosa langu. Lile la maji silijutii hata tone. Hili najuta.

Asubuhi nikaenda mwenyewe mpaka barazani wanapokunywa chai. Daktari yupo, wakili yupo, meneja yupo.

"Mama, leo si siku ya malalamiko," meneja aniambia.

"Sikuja kulalamika, baba. Nimekuja na miguu yangu uitazame. Hii ndiyo ile ya shimo la saba. Mutua hakufungua kitu, niliiba ufunguo."

Akashangaa. "Kwa nini?"

"Ilikuwa yafa."

"Haifi, mama! Ile nyasi yavumilia. Sisi twataka uwanja uwe mgumu."

Wakili akageuka, mara ya kwanza miaka yote hii, akaniuliza, "Nyanya, wewe waonaje? Uwanja ni mgumu ama si mgumu?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi kwetu ni Kitui. Kwetu ugumu hautengenezwi. Waja wenyewe, hauitwi."

Daktari akacheka mpaka chai ikamwagika, akagonga meza, "Haya! Haya, mjibuni huyo!" Meneja akakuna kichwa. Akasema Mutua apumzike nyumbani wiki mbili, kisha arudi kazini kwake kama alivyokuwa, na mimi, mashindano yakiisha, nikae wiki moja bila kazi, na nisionekane na ndoo tena maishani mwangu. Ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia maneno mengi hivi.

Mashindano yalipita. Shimo la saba lilibaki laini, muda wa kulikausha haukuwepo. Wengine wakasema ndilo lililokuwa la haki peke yake, wengine wakasema ni la watoto, na daktari na wakili wangali wabishana hadi leo. Nami nikiri, nisije nikaonekana najua yote: nyasi ya shimo la sita haikufa. Iliponyweshewa tu, ikaamka. Meneja alinipeleka akanionyesha kwa kidole. Nikamwambia, ni bahati yako.

Sasa Mutua aja Jumamosi na barua hii. Hatakueleza lolote, namjua, atasimama langoni ameinamisha kichwa angoje umfukuze. Alibeba kosa langu mbele ya watu, na kwako pia alikuwa tayari kulibeba. Ukisomewa haya naye bado yuko langoni, usimngojeshe, Kalondu. Usimwulize habari za kazi. Mtoto katoka safari, mpe maji.

Nisalimie mume wako, umwambie tumbako yake iko mfukoni mwa Mutua. Nisalimie shemeji Mwikali mjane wa kaka yetu, na mke wa mchungaji, na mumshukuru kwa kusoma, kama hajachoka. Kadzo naye awasalimu, mkono wamuuma.

Ni mimi dada yako mkubwa, Syombua. Alama ya kidole hapo chini ni yangu, wino umeenea kidogo kwa sababu kidole kilikuwa na majimaji.