Kinena cha Mkwe

Jumanne, 9 Julai 1996
Mayai manne leo. Baridi imeniingia magotini na haitaki kutoka. Nimepalilia sukuma wiki nusu mstari, nikaacha.

Jioni Wairimu, binti yangu, amepitia hapa Ruiru akitoka hospitalini Nairobi. Mumewe Kariuki ametengenezwa moyo leo. Homa ya utotoni iliharibu valvu ikabana, kijana wa watu akawa anahema kama mzee akipanda ngazi. Hawakumpasua kifua. Wamepitia mishipa ya kinena, wakasukuma mrija hadi moyoni, wakajaza puto dogo humo ndani, valvu ikapanuka. Nimemwambia Wairimu arudie polepole. Hata sasa sijaamini vizuri.

Tundu la kinena halishonwi. Nesi alilibonyeza kwa mkono mpaka damu ikakata, kisha akaweka mfuko wa mchanga juu yake. Alale chali, mguu umenyooka. Wairimu ameonyeshwa pa kubonyeza damu ikitoka tena: juu kidogo ya tundu, pale mshipa unapodunda. Akanionyesha kwenye paja langu mimi. Nikamuuliza, yananihusu nini?

Alhamisi, 11 Julai
Yananihusu.

Daktari amemkataza Kariuki kuchuchumaa wiki nzima. Choo cha ploti yao kule Kiganjo ni cha shimo. Changu ni cha kukalia. Basi Wairimu anataka kumleta kwangu. Mkwe alale kwa mama mkwe! Miaka yote ya ndoa yao hajawahi kunipa mkono, na kiti nilichokalia hakikalii. Ndivyo tulivyolelewa. Nimekasirika. Nimemjibu mtoto wangu vibaya mpaka akalia.

Halafu nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma.

Jumamosi, 13 Julai
Amefika. Anatembea kama aliyechomwa na mwiba. Amenisalimia akitazama sakafu. Chakula namwekea mlangoni, nakohoa, naondoka.

Mama Njoki, jirani, amechungulia juu ya ua. "Haiya! Siku hizi wakwe wanalala kwa mama mkwe?" Nikamjibu, na wewe siku hizi unahesabu vitanda vya watu? Lakini imeniuma.

Jumapili, 14 Julai
Wairimu amefua nguo za mumewe. Nimemwambia azianike nyuma ya banda la kuku, si kwenye kamba ya mbele. Sitaki nguo za ndani za mkwe zionwe na kila anayekwenda kanisani. Kesho Wairimu anarudi kazini kiwandani Thika. Nitabaki na Kariuki peke yangu. Sipendi hata kidogo.

Jumatatu, 15 Julai
Usiku umekwenda. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuwa kwa kuku. Nikasikia karai likianguka bafuni. Nikaenda mlangoni, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena. Mjinga mimi, mtu anakufa na mimi nakohoa.

Nikaingia. Alikuwa amechuchumaa kufua nguo zake za ndani mwenyewe, ili zisinifikie. Na dawa anazomeza zinafanya damu iwe nyepesi. Tundu limefunguka. Suruali yote imelowa. Ameegemea ukuta, ameshikilia kinena kwa taulo.

"Maitu, mama yangu, usiingie. Tafadhali. Niitie Wairimu."

Wairimu yuko Thika! Nikamwambia lala chali. Nikamvuta miguu, nikamteremsha suruali, nikaweka mkono. Damu ya moto. Nikapapasa juu kidogo, pale panapodunda, nikabonyeza kwa uzito wangu wote. Akajifunika uso kwa shati. Alikuwa analia, na sidhani yalikuwa maumivu. Mimi pia nililia. Nikamwambia mficha uchi hazai, na binti yangu bado anataka mtoto, kwa hivyo nyamaza.

Nikapiga mayowe. Mama Njoki akaruka ua na miaka yake yote. Safari hii hakuuliza chochote. Akakimbia kumwita mumewe na pikapu.

Tulipakiwa nyuma, mimi na Kariuki, mpaka hospitali ya Thika. Kila shimo la barabara nilidhani mkono utateleza. Niliusikia moyo wake chini ya kiganja changu njia nzima. Nilikuwa naogopa mno. Nikaomba Mungu kwa sauti, Kikuyu na Kiswahili, lugha yoyote itakayofika. Nesi ndiye aliyenibandua vidole, kimoja kimoja. Damu ilikuwa imekata.

Jumanne, 16 Julai
Yuko wodini. Atapona. Mabega yananiuma, siwezi hata kuinua sufuria.

Nimekaa namkasirikia. Kijana kapata moyo mpya, halafu nusura afe kwa ajili ya karai la nguo za ndani. Kisha nikakumbuka dirisha la chumba cha nyuma. Linatazama banda la kuku. Jumapili alinisikia nikimwambia Wairimu wapi pa kuanika nguo zake. Alisikia kila neno.

Sijala.

Alhamisi, 18 Julai
Mayai matano. Mawili nimeweka kando.

Anatoka kesho. Wairimu alisema watatafuta pengine, nikamwambia atakuja hapa hapa. Nitaendelea kukohoa mlangoni, maana heshima ni heshima. Ila nikikohoa mara moja bila jibu, naingia.

Karai lilikuwa bado bafuni, sijaligusa tangu Jumatatu. Nimeloweka zile nguo kwa maji baridi na chumvi, nikasugua mpaka damu ikatoka. Nimezianika kwenye kamba ya mbele. Mama Njoki alikuwa uani kwake. Akazitazama, akaniuliza Kariuki anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri, kesho anarudi nyumbani.