Mjomba Alikuja Nikiwa Kikaoni

Jumapili, alasiri. Hapa Area D kuna upepo ule wa mwezi wa saba, unaopandisha vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, na baridi ya kumfanya mtu avae soksi ndani ya nyumba yake. Nimefunga madirisha yote na meza bado ina vumbi. Kompyuta nimeizima. Sikuifunika tu kama ninavyofanya siku zote, nimeizima kabisa, na tangu hapo tunatazamana nayo kama majirani waliogombana.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kujaribu programu za kompyuta kabla hazijauzwa. Nabonyeza kila kitufe, naingiza majina ya ajabu ajabu, natafuta pa kuziharibu. Nikiziharibu nasifiwa. Kampuni iko Ulaya, mimi niko hapa sebuleni, na katikati yetu kuna nukta ya kijani inayokaa pembeni ya jina langu. Nikiigusa kompyuta nukta inabaki kijani. Nikiiacha kidogo inageuka njano, na ikikaa njano bosi anaandika, kwa upole kabisa: "Uko sawa?"

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hiyo si salamu. Mwanzoni nilikuwa namjibu kwa moyo mmoja, namwambia niko salama, namuuliza na yeye habari za nyumbani kwake. Anakaa kimya. Baadaye ndipo nikajua swali lake maana yake ni "uko wapi."

Basi nimejifunza. Nimejifunza kusonga ugali kompyuta ikiwa juu ya stuli jikoni, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine kwenye kipanya. Nimejifunza kuoga haraka mpaka natoka na povu sikioni. Marafiki zangu wa Makole wamechoka kunialika, na siwalaumu.

Mtu ataniuliza kwa nini siachi. Mama yangu alikuwa mwajiriwa wa shirika la umma mpaka ubinafsishaji ulipowafikia. Shirika likapata mwenyewe, mama akapunguzwa pamoja na wenzake wengi. Akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaniacha kijijini Ihumwa kwa mama yake. Nilikuwa sijaanza shule. Bibi ndiye aliyenifundisha kufua, kusali, kupika mlenda usiokatika, na kunyamaza mkubwa anapozungumza. Mama alikuja kila Krismasi, na kila Krismasi nilisikia hadithi ya siku alipoitwa ofisini akaambiwa asirudi kesho. Nimekua na hadithi hiyo. Kazi naiogopa, hasa ninapokuwa nayo.

Nimezunguka vya kutosha. Niandike nilichokaa kuandika.

Jumatano ya wiki juzi, muda mfupi kabla ya kikao chetu cha saa tano, Mjomba Ndahani alibisha hodi. Ni kaka yake mama, ndiye anayeishi na bibi kule Ihumwa. Hakupiga simu kwanza. Ni wakati wa kupura uwele, watu wote wako uwanjani na fimbo zao, na yeye alikuwa mlangoni kwangu amevaa koti lake la kanisani.

Nililiona lile koti. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa."

"Mbukwa," nikamrudishia salamu ya Kigogo.

Akaingia, akaketi pembeni ya kochi kama anayeogopa kulichafua. Akaniuliza za hapa, nikasema nzuri. Za kazi, nzuri. Nikamuuliza za nyumbani, akasema nzuri. Alikuwa anavuta pumzi aendelee, na mimi nikasikia kompyuta inaita.

Nikamwambia anisubiri kidogo, kuna watu wanataka kuongea na mimi. Akatazama mlangoni, akatazama kwenye korido.

"Wako wapi?"

"Wamo humu kwenye mashine, mjomba."

"Basi wahudumie wageni wako kwanza," akasema. Hakuwa na kinyongo. Alisema kama mtu anayejua kwamba mwenye wageni hana amri na muda wake.

Nikammiminia chai, nikampa maandazi ya jana. Halafu nikafanya kitu ambacho nimekifikiria kila siku tangu hapo. Niligeuza meza. Kamera ilikuwa inalielekea kochi, na mimi niliisogeza meza mpaka nyuma yangu kukawa na pazia peke yake. Mjomba alinitazama nikiisogeza. Akainuka kunisaidia kuishika upande wa pili.

Kikao chetu kina maswali yale yale kila siku. Jana ulifanya nini, leo unafanya nini, kuna kinachokukwamisha? Zamu yangu ilipofika nikasema hakuna kinachonikwamisha. Mjomba akakohoa pale kwenye kochi, kidogo tu, na kidole changu kikakimbilia kuzima kipaza sauti.

Kikao kilipoisha bosi akataka nithibitishe kosa moja kabla mteja hajaliona. Nikalithibitisha. Likaja jingine. Kila nilipotaka kusimama kukawa na jambo dogo, na kweli yalikuwa madogo, hakuna hata moja ninaloweza kulikumbuka leo. Nilipoinuka mwishowe, kochi lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa kimeoshwa na kufudikizwa jikoni. Juu ya stuli aliacha kifuko cha mlenda mkavu, ule anaoutwanga bibi mwenyewe.

Nikashusha pumzi. Nilifurahi kwamba ameondoka.

Jioni nilimpigia simu, maana sikukosa adabu zote. Nikamuuliza kama kulikuwa na jambo. Akasema hapana, alikuja kunisalimia tu. Nikapokea jibu hilo kwa mikono miwili, nikamwambia anisalimie bibi.

Mimi ni Mgogo. Nimelelewa Ihumwa, sikulelewa hotelini. Najua kwamba kwetu salamu haikimbizwi. Mtu anauliza za hapa, za watoto, za mbuzi, za kuku, za shamba, za mvua, na kila moja inajibiwa nzuri, hata kama nyumba imeezuliwa na upepo. Zikiisha zote ndipo mgeni anatazama chini, anakohoa kidogo, na kusema, "Ila sasa…" Neno lililomtoa kwake liko hapo, mwishoni. Na neno zito halipelekwi kwa simu, linapelekwa na mtu, ili ukilisikia uwe na wa kukaa naye. Yote haya nayajua. Hakuna mtu anayevua nguo za shamba wakati wa kupura akavaa koti la kanisani kuja kusalimia tu. Nilijua, na nikajifanya sijui kwa sababu ilinifaa kutojua.

Ijumaa bibi alipata kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulilala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaisha.

Mjomba hakunipigia simu kunieleza. Alinipigia akasema tu, "Njoo hospitali." Jumamosi asubuhi nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje ya wodi, na koti lile lile. Nikamsalimia. Safari hii nilingoja. Aliuliza zote, nikajibu zote, nikauliza zangu, akajibu nzuri, nzuri, nzuri, huku mama yake amelala upande wa pili wa ukuta. Halafu akaniambia.

"Jumatano alikuwa anaongea vizuri tu. Ndiye aliyenituma nije nikuchukue. Alisema ana neno na wewe, na hataki lipitie kwa mtu."

"Kwa nini hukuniambia, mjomba?"

Alifikiri. Hakuwa ananisuta, na afadhali angenisuta.

"Ningekuambiaje, mwanangu? Salamu zenyewe hatukuzimaliza."

Kutoka hapa kwangu hadi Ihumwa si safari ya kufungia mizigo. Kama ningesimama tu, Jumatano ile ile jioni ningekuwa nimekaa mkekani nalisikia hilo neno. Mjomba halijui. Nimemuuliza mama kwa simu, naye halijui. Labda ni habari za baba yangu, ambaye bibi alikuwa akisema atanieleza nikikua, halafu nikakua na hakuna aliyekumbuka. Labda ni kiwanja. Labda alitaka tu kunigombeza kwamba umri unakwenda na sijaleta mtu nyumbani. Ningetoa chochote nigombezwe.

Na wiki nzima ya hospitali nilifanya kazi. Naona aibu kuandika lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa kwenye lile benchi, kompyuta magotini, bando la simu, kamera nimeizima kwa kisingizio cha mtandao. Nukta yangu ilikuwa kijani hata ile asubuhi daktari alipotuita kutueleza kwamba maneno huenda yasirudi. Nilimsikiliza daktari huku kidole kinasogeza kipanya. Ijumaa bosi aliniandikia kwamba wiki hii nimefanya vizuri sana.

Siku hiyo hiyo bibi aliruhusiwa. Jana nilikwenda Ihumwa.

Wamemwekea godoro uani, mahali jua linapofika, kwa sababu anapenda kusikia treni ikipita. Amepungua. Uso wake una pande mbili zisizofanana, na jicho la kushoto ndilo bibi ninayemjua. Nikaketi mkekani, nikamshika mkono ule mzima, nikaanza. Shikamoo, bibi. Nikamjibia mwenyewe. Za hapa, bibi. Nzuri. Za mbuzi. Nzuri. Za kuku, za uwele, za mvua iliyopita. Sikuruka kitu. Mjomba aliacha kupura akasimama na fimbo yake, anatusikiliza. Nilipomaliza nikanyamaza, nikangoja.

Jicho la kushoto lilinitazama kwa muda mrefu. Mdomo ukacheza. Ikatoka sauti ndogo, haikuwa neno, lakini ilikuwa inaelekea kwenye neno. Nikainama karibu.

Simu yangu ikatetemeka ndani ya mkoba.

Sikuitoa. Naapa sikuitoa. Lakini mkono wangu ulishtuka, ule ule uliomshika yeye, ukavutika kidogo kuelekea kwenye mkoba kama ulivyozoea. Bibi akaona. Sauti ikakoma. Akafungua vidole vyake kimoja kimoja, akauachia mkono wangu, halafu akausukuma kidogo kwa kiganja. Nenda. Wahudumie wageni wako.

Nililia pale pale uani, mbele ya mjomba na kuku. Bibi akafumba macho, akalala, na hakuamka mpaka nilipoaga.

Leo baada ya ibada nimemwandikia bosi kuomba likizo. Nimeandika ukweli wote, bibi, kiharusi, kulelewa. Amejibu ingawa ni Jumapili, mtu mwema kwa namna yake. Amesema pole sana, familia kwanza. Sentensi iliyofuata ilianza na "ila," na baada yake yakafuata mambo ambayo angeomba niyamalize kabla sijaondoka. Kwake yeye neno lenyewe halingoji salamu ziishe. Sijamjibu. Ndipo nilipoizima kompyuta.

Kesho saa tano watakusanyika na kuulizana nini kinawakwamisha, na jina langu halitakuwa na nukta ya rangi yoyote. Simu nitaiacha hapa mezani. Sijui kama Jumanne nitakuwa na kazi. Nimejaribu kuiogopa hiyo Jumanne kama nilivyofundishwa, na leo sijaweza.

Nguo zangu nimezitia kwenye begi. Asubuhi nitakuwa uani Ihumwa, nianze tena na shikamoo, nipite kwa mbuzi na kuku na uwele mpaka mwisho, halafu ninyamaze. Nilimuuliza daktari kama maneno hurudi. Alisema kwa wengine hurudi, polepole, na huwezi kujua litatangulia neno lipi.

Likirudi hilo moja tu, litanikuta nimekaa?