Nimemfanya Bibi Aamini Masikio Yake Yameharibika

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia utambue kwamba mimi si mtu wa kuomba ovyo, kwani nina shahada ya fasihi niliyoipata mwaka jana kwa daraja la juu, nimesoma vitabu vingi kuliko rafu yetu inavyoweza kubeba (seremala aliyeitwa kuitengeneza mara mbili ni shahidi), na kwa kawaida watu ndio hunijia mimi kutafuta majibu, hata wale ambao hawakuwa na swali.

Nyumbani kwetu tuna utaratibu ambao sijauona kwa jirani yeyote. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunazima televisheni, tunaketi sebuleni na kusikiliza albamu moja iliyotoka karibuni, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila mtu kusema neno, na anayetoka katikati ya wimbo, hata kama ameitwa na haja, anapoteza haki ya kutoa alama. Kisha kila mmoja hutoa alama kati ya kumi pamoja na sababu. Huanza mdogo wangu wa kike anayesomea uuguzi, nafuata mimi, halafu Mama, ambaye ni mshonaji na ndiye anayeandika yote kwenye daftari kubwa, halafu Baba, fundi bomba, ambaye tangu daftari lianze hajawahi kutoa alama nyingine zaidi ya saba, na mwisho Bibi, mama yake Baba, ambaye neno lake ndilo hufunga kikao. Bibi alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nyuzi, na kazi yenyewe ilikuwa kupita kati ya mashine akizisikiliza tu, ili ile inayokwenda kasi kupita kiasi izimwe kabla haijakata nyuzi. Hata cherehani ya Mama, mkanda ukilegea, Bibi hujua akiwa jikoni.

Majuma matatu yaliyopita ilikuwa zamu yangu kuchagua, nikachagua albamu mpya ya mwimbaji mmoja mkongwe anayesifika kwa mwendo wake wa taratibu. Simu yangu haikuwa na chaji, nikachukua ya mdogo wangu, nikaiunganisha na spika, na nyimbo zote kumi na moja zikaisha katika dakika ishirini na nane. Mdogo wangu alitoa tano, akisema amechoka kana kwamba ndiye aliyeimba. Mimi nilisimama, ijapokuwa sisi hutoa alama tukiwa tumeketi, nikatoa kumi, nikafafanua kwamba mkongwe huyu ameubomoa utulivu wake kwa mikono yake mwenyewe, kwamba anaimba mapenzi kwa kasi ya mtu anayejua kuwa zama hazimsubiri, na kwamba kumeza pumziko kati ya ubeti na ubeti ni uasi wa makusudi dhidi ya starehe ya msikilizaji. Mama aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, naye akatoa tisa. Baba alitoa saba.

Ndipo Bibi akauliza, “Mjukuu wangu, huyu bwana anakimbizwa na nani? Anaimba kama mtu aliyeacha jiko linawaka.”

Ningenyamaza, mshauri, jambo lingeishia hapo. Lakini hoja ikitolewa mbele yangu siwezi kuiacha ipite bila kuijibu, hivyo nilimjibu kwa robo saa nzima, hoja sita, ya nne ikiwa na vifungu vitatu, na katika hoja ya sita nilisema kwamba sikio lililolelewa na mashine husikia mashine kila mahali. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akavitazama viganja vyake, akasema, “Basi ni masikio yangu. Andikeni kumi.”

Nilijihisi mshindi kwa siku mbili. Jumanne niliiweka albamu ile kwenye simu yangu ili niyafurahie upya yale niliyoyaona, na wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani betri inakata roho. Niliichaji. Mwimbaji akaendelea vilevile, taratibu, akivuta pumzi kama mtu aliyekaa kwake, na albamu ikachukua dakika arobaini na mbili. Nilipoikagua simu ya mdogo wangu nilikuta kasi ya kuchezea sauti imepandishwa mara moja na nusu, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyosikiliza mihadhara yake ya chuo ili aimalize mapema. Sauti haiwi nyembamba, kinachobadilika ni mwendo peke yake, kwa hiyo mtu yeyote mwenye elimu angeweza kudanganyika. Isipokuwa Bibi.

Tangu siku hiyo sijasema kitu, na mambo hayakunisubiri. Baba ameunakili uhakiki wangu kutoka kwenye daftari, akaubandika kwenye mlango wa friji na humsomea kila mgeni, akiwemo aliyekuja kuleta mtungi wa gesi. Bibi amehamishia kiti chake barazani, na Jumapili mbili sasa tunasikiliza bila yeye, kwa maelezo kwamba masikio yake yataliharibu daftari. Juma lililopita cherehani ilitafuna pindo la gauni la bibi harusi, Bibi akiwa ameketi hatua mbili tu kutoka hapo, na Mama alipomuuliza kama hakusikia, alijibu kwamba alisikia, ila alidhani ni masikio yake. Mama amemwekea miadi ya kupimwa masikio Jumatano ijayo.

Nimefikiria kutetea msimamo kwamba tulichokisikiliza ni kazi nyingine kabisa, yenye haki ya kuhakikiwa kivyake, na kurasa nne ziko tayari. Nimefikiria pia kumnong’oneza Bibi peke yake, ili heshima ya pande zote ihifadhiwe. Lipi ni bora? Na je, kwa haki kabisa, kosa si la mdogo wangu?

Wako katika tafakuri,
Mhakiki wa Sebuleni

MSHAURI ANAJIBU

Mhakiki,

Nianze na swali lako la mwisho tulimalize: hapana. Mwenzako alikuwa anasoma kwa simu yake. Wewe uliiazima bila kuitazama, na hata hilo silihesabu, kwa sababu simu humfedhehesha kila mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kumtumia mhariri wangu orodha ya sabuni na maharage badala ya safu hii, naye akanijibu kwamba imepungua urefu.

Kosa lako ni ile robo saa. Mtu aliyelipwa miaka thelathini na mmoja kwa kujua kitu gani kinakwenda mbio alikwambia kwamba kitu kinakwenda mbio. Ulichotakiwa kufanya ni kunyanyuka na kuitazama simu. Wewe ukanyanyuka na vifungu vitatu.

Kurasa zako nne zichane, usizihifadhi hata kwa kumbukumbu. Na hilo la kunong’ona lifute kichwani. Ulimshinda Bibi yako mbele ya watu, kisha unataka kumwomba radhi nyuma ya mlango? Heshima unayosema ya pande zote ni ya upande mmoja, na upande wenyewe umebandikwa kwenye friji.

Sasa sikiliza. Jumapili hii, kabla ya chakula, nenda barazani ukakirudishe kile kiti sebuleni kwa mikono yako. Akikataa kuingia, mwambie unamhitaji akague mashine, hatakataa. Iweke albamu ileile, kwa mwendo wake halali, na msikilize dakika zote arobaini na mbili. Ikiisha, bandua uhakiki wako, usimame kama ulivyosimama siku ile, uusome wote kwa sauti, pamoja na ule uasi dhidi ya starehe. Watacheka. Waache wacheke, na usifafanue chochote. Kisha sema kasi ilikuwa ngapi na umejua tangu lini. Hapo hakuna atakayecheka, napo usikimbie. Mama alifungue daftari, Bibi aifute ile kumi na kuandika alama yake mwenyewe. Mwambie na baba yako, kwa salamu zangu, kwamba nane ipo.

Miadi ya Jumatano msiifute. Mtu wa umri wake kupimwa masikio ni jambo jema, lakini aende kwa sababu ana umri, asiende kwa sababu alishindwa hoja. Mpeleke wewe, ukae naye kwenye benchi, na daktari akimaliza naye, umwombe akutazame na wewe.

Neno moja la mwisho. Barua yako niliisoma haraka mara ya kwanza, nikasikia kijana anayejipenda, nikataka kuitupa. Niliirudia polepole, na nilipofika pale Bibi anapovitazama viganja vyake, nikasikia mtu mwingine kabisa. Huyo ndiye umtume Jumapili.